Kurudia Ngazi Si Kufeli

Kila mwaka, msimu wa mashindano unapokwisha na shule zikikaribia kufungwa, wazazi kwenye kumbi za jimnastiki za Marekani huwa na swali moja mdomoni: mwanangu anapanda ngazi au hapandi? Alama zinalinganishwa, majina ya waliopanda yanatajwa, na wapo wanaomhamisha mtoto klabu kwa sababu tu kocha amesema abaki alipo mwaka mmoja zaidi. Haraka yote hiyo inatokana na imani ambayo watu wameipokea bila kuihoji: kwamba mwenye kipaji hupanda kila mwaka, na anayebaki ameshindwa. Imani hiyo ni potofu, na wanaoumizwa na upotofu wake ni watoto wa miaka tisa na kumi.

Tuanze na mfumo wenyewe. Mpango wa wasichana wa shirikisho la nchi hiyo, USA Gymnastics, una ngazi 10. Kuanzia ya 1 hadi ya 5, watoto wote wa ngazi moja hufanya vitendo vilevile kwa mpangilio uleule, na kwenye zulia huchezea muziki uleule. Kuanzia ya 6 kila msichana hutungiwa vyake. Vifaa ni vinne: meza ya kurukia, vyuma viwili vya kimo tofauti, boriti na zulia. Alama za juu za kila kifaa ni 10, jumla 40. Katika ngazi nyingi mtoto hutakiwa kufikisha jumla fulani kabla ya kuruhusiwa kwenda juu. Kutoka ya 9 kwenda ya 10, kwa mfano, kiwango kilichozoeleka ni 34. Mzazi hung'ang'ania hapo hapo: amepata 34, mbona hapandishwi?

Tufanye hesabu. Msichana amepata 9.4 kwenye meza, 9.3 kwenye vyuma, 9.2 kwenye zulia, na 6.1 kwenye boriti. Jumla ni 34 kamili, na kwa mujibu wa karatasi anaruhusiwa. Lakini kila anguko hukatwa nusu alama. Mtoto mwenye 6.1 ameanguka zaidi ya mara moja, na hata pale alipobaki juu alikuwa akiyumba. Boriti hiyo ina upana wa sentimita 10 na iko sentimita 125 kutoka chini, na ngazi inayofuata itamtaka afanye juu yake mambo magumu kuliko yale yaliyomwangusha. Alama ya kupanda inasema kwamba hakatazwi. Haisemi kwamba yuko tayari, na anayeisoma kama amri ya kumpandisha anasoma kisichoandikwa.

Najua wengi wetu tumeitoa wapi imani hii. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki na kulea watoto huko Texas, Minnesota au Ohio tulisoma katika shule ambako ripoti ilikuja na namba, na kurudia darasa ilikuwa aibu iliyozungumzwa hadi kwa shangazi. Kwa hiyo kocha akisema binti arudie ngazi ya 6, sisi tunasikia kwamba amefeli mtihani. Tunamtetea kwa ukali, tukidhani tunamwokoa na fedheha. Lakini aliyerudia darasa alikaa mwaka mzima akifundishwa yaleyale aliyokwisha kufundishwa. Kwenye ukumbi wa jimnastiki mambo hayaendi hivyo, na kosa lote la imani hii liko katika kutolijua jambo hilo.

Ngazi ya mashindano si ngazi ya mazoezi. Msichana anayeshindana ngazi ya 6 siku ya Jumamosi anaweza, Jumatatu jioni, kuwa anajifunza vitendo vya ngazi ya 8: akirukia kwenye shimo la sponji, akitua juu ya magodoro mazito, akipindukia nyuma huku mkono wa kocha uko mgongoni mwake. Hakuna kanuni inayomzuia kujifunza cha juu. Kanuni inahusu tu anachoonyesha mbele ya majaji, na mbele ya majaji mtoto anapaswa kupeleka kile ambacho mwili wake umekwisha kukizoea. Basi anayesubiri, kama anafundishwa vizuri, hapotezi chochote isipokuwa namba ya kutaja kwa jamaa.

Anayepandishwa kabla ya wakati hupoteza mengi. Saa za mazoezi zilizokuwa za kujenga msingi huliwa na kazi ya kuweka viraka, kwa sababu mashindano yako wiki ijayo na vitendo vyote vinatakiwa, viwe vimeiva au havijaiva. Chukua kitendo ambacho kila mtoto wa ngazi ya 4 anakijua na wengi wamelia kwa ajili yake: kuning'inia kwenye chuma, kupeleka miguu hadi kwenye chuma, kisha kujivuta mpaka mwili ukae juu, mikono ikiwa imenyooka. Anayekipata kwa kukunja viwiko atakubaliwa na majaji kwa kukatwa alama. Lakini juu ya kitendo hicho ndipo kinapojengwa cha kurusha miguu hadi kusimama kwa mikono juu ya chuma, na juu ya hicho ndipo inapojengwa mizunguko mikubwa ya ngazi ya 7 na 8. Viwiko vilivyokunjwa vitamfuata huko kote. Makocha wanajua kwamba kukiondoa kitendo kibovu mwilini huchukua muda mrefu kuliko kukifundisha kizuri tangu mwanzo.

Kuna na mwili wenyewe. Wasichana wengi hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote karibu na miaka 11 na 12, ambayo ndiyo miaka ya kukimbilia ngazi za kati na za juu. Wakati huo gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa bado ni dhaifu, na mwanajimnastiki huubeba mwili wake wote juu ya viganja. Ndiyo maana maumivu ya kifundo cha mkono, kisigino, goti na kiuno ni ya kawaida mno katika mchezo huu. Aliyerefuka ghafla pia hupoteza kwa muda vitendo alivyokuwa akivifanya bila taabu, kwa sababu miguu ni mirefu na uzito umehama. Kumwongezea ugumu mtoto wa namna hiyo, eti kwa sababu mwaka umefika, ni ukatili hata kama umefanywa kwa mapenzi.

Historia ya mchezo imeandika bei ya kulazimisha. Elena Mukhina wa Umoja wa Kisovyeti alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978. Mwaka 1980, wiki mbili hivi kabla ya Olimpiki ya Moscow, akiwa ametoka kuvunjika mguu, alikuwa akisukumwa kukamilisha mruko wa hatari wa kwenye zulia ambao mwenyewe aliuogopa. Alivunjika shingo mazoezini mjini Minsk, akapooza, na hakutembea tena hadi kifo chake mwaka 2006. Huyo alikuwa mtu mzima wa miaka 20 na bora duniani. Mtoto wa ngazi ya 7 ana kinga gani ambayo Mukhina hakuwa nayo?

Watetezi wa haraka watanitajia Nadia Comăneci, aliyepata alama 10 kamili huko Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14. Ni kweli, lakini dunia hiyo imefungwa kwa sheria. Tangu mwaka 1997 wasichana hawaruhusiwi kushiriki Olimpiki kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 16. Tazama timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu Paris mwaka 2024: Simone Biles miaka 27, Jade Carey 24, Jordan Chiles 23, Sunisa Lee 21. Ni Hezly Rivera pekee aliyekuwa na 16. Biles huyohuyo, mwaka 2011 akiwa na miaka 14, alikosa nafasi kwenye timu ya taifa ya vijana. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Na Oksana Chusovitina, aliyezaliwa mwaka 1975, ameshiriki Olimpiki nane. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Wengine wanawaza ufadhili wa chuo kikuu, na hilo ni lengo la haki kabisa. Lakini makocha wa vyuo huruhusiwa kuanza kuzungumza na msichana kuhusu kumsajili kuanzia Juni 15 baada ya kumaliza darasa la 10, akiwa na miaka 15 au 16. Aliyefika ngazi ya 10 akiwa na miaka 11 atalazimika kubaki mzima, na kubaki na hamu, kwa miaka mingine minne au mitano kabla simu hiyo haijalia. Kocha wa chuo atamtaka msichana anayetua imara siku hiyo. Hana haja na aliyekuwa maajabu miaka mitano nyuma na sasa anatembea na bandeji kwenye vifundo vyote viwili.

Nakiri kwamba wapo makocha wanaowashikilia watoto chini ili klabu ikusanye medali. Hao nawapinga kwa nguvu ileile. Mtoto anayerudia vitendo vilevile mwaka mzima, bila jambo jipya la kujifunza, ameibiwa mwaka, na mzazi wake ana haki ya kulalamika. Lakini tiba ya kosa hilo ni kudai mafunzo mapya. Kumpandisha mtoto asiyeiva kutamwondoa tu kwenye kosa moja na kumtia katika jingine.

Kwa hiyo tuache kuuliza amepata ngapi na wenzake wako wapi. Tumuulize kocha: je, anafanya kila kitendo cha ngazi hiyo peke yake, bila kushikwa, akiwa amechoka, siku mbaya kama siku nzuri? Kifaa chake dhaifu kikoje? Maana hicho ndicho kinachopaswa kuamua, na si kile anachong'ara. Amerefuka kiasi gani mwaka huu? Kipi kinamtisha? Swali hilo la mwisho aulizwe mtoto mwenyewe, na jibu lake liheshimiwe. Kocha asiyeweza kujibu maswali haya hana sababu ya kumpandisha wala ya kumzuia. Anayeyajibu kwa ufasaha, kisha akasema binti abaki, anastahili shukrani zetu, na binti anastahili kusikia kutoka vinywani mwetu kwamba mwaka wa kujenga ni mwaka wa kazi, wala hana deni la kumwomba mtu radhi.