Wasifu wa Mama na Ushahidi wa Rafiki

Ni desturi njema ya watu wetu kwamba maiti hasemwi kwa ubaya, nasi hatuna nia ya kuitangua; lakini aghalabu ya tanzia zinazotufikia mezani, na hasa zile zinazoandikwa kwa ajili ya akina mama, zimeichukua desturi hiyo zikaivusha mpaka wake, kwa kuwa marehemu husifiwa kwa ukarimu, uvumilivu, uchaji na upole, kisha msomaji akifika tamati hajui ni nani aliyekirimiwa, ni jambo gani lililovumiliwa, wala ni haki ipi ambayo mpole huyo aliidai akaondoka duniani hajapewa. Sifa hizo ukiondoa jina la mmoja ukatia la mwingine hazipungui wala hazizidi, na sifa inayomfaa kila mtu haimkumbuki mtu yeyote.

Toleo hili tumelitenga kwa kumbukumbu za akina mama, nalo tunalifungua kwa hoja moja: kwamba wasifu wa mama hautimii kwa kauli ya wanawe peke yao, wala kwa kauli ya jamaa aliyoitumikia, mpaka usikizwe ushahidi wa rafiki yake, na yatajwe madai yake pamoja na fadhila zake. Kwa kuithibitisha hoja hii tumekwenda mbali na pwani yetu, hata bonde la Salt Lake katika magharibi ya Marekani, kwa mama mmoja mweusi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake wamejulikana na wengi kwa jina la Wamormoni. Mama huyo ni Jane Manning James, aliyefariki tarehe 16 Aprili 1908. Tumemchagua yeye kwa kuwa habari zake zilihifadhiwa kwa mikono mbalimbali, na kila mkono ulihifadhi lile ambalo mingine ililiacha.

Mkono wa kwanza ni wake mwenyewe. Katika miaka ya 1890, uzee ukiwa umekwisha kumkalia, alimtaka Elizabeth Roundy aketi amwandikie habari za maisha yake, na shabaha yake ilikuwa kwamba maneno yale yasomwe siku ya maziko yake. Msomaji wa Kiswahili hataliona jambo hili kuwa geni sana, maana Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake mwaka 1858 naye mgonjwa, hakungoja watu wengine waje wamwambie binti yake mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Lakini Mwana Kupona alimuusia mtoto, na Jane alitoa ushahidi mbele ya jamaa nzima ya waumini, akijua vema kwamba watakaokusanyika siku ile watakuwamo waliompenda na waliomnyima.

Alizaliwa Wilton, katika jimbo la Connecticut, mapema katika karne ya 19, mtoto huru wa mama aliyepata kuwa mtumwa, na angali mdogo akapelekwa kukaa na kutumika katika nyumba ya mkulima tajiri wa kizungu. Alipokuwa msichana alimzaa mwanawe wa kwanza, Sylvester, na baba wa mtoto huyo hakumtaja katika habari alizoziandikisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 akamsikia mhubiri wa Kimormoni, akaridhika na mafundisho yake, akabatizwa. Na mwaka 1843 yeye na mama yake na ndugu zake wakatoka Connecticut kwenda Nauvoo, Illinois, palipokuwa makao ya waumini wenzao na ya nabii wao Joseph Smith. Walipofika Buffalo wakakataliwa chomboni, kwa hiyo wakaenda kwa miguu muda wa maili 800 na zaidi. Viatu viliwaishia njiani, nyayo zikapasuka, na damu ikaacha alama ardhini walipokanyaga, hata wakapiga magoti wakamwomba Mungu awaponye, wakaendelea na safari. Walivuka mto maji yakiwafika shingoni. Na katika mji wa Peoria wenye mamlaka walitaka kuwatia gerezani kwa kukosa hati za uhuru, ilhali walikuwa watu waliozaliwa huru.

Nauvoo walipokewa katika nyumba ya Joseph Smith na mkewe Emma. Sanduku la nguo za Jane lilikuwa limepotea, naye akalia kwa kuwa jamaa zake wengine walipata pa kwenda na yeye hakuwa na kitu ila zile zilizokuwa mwilini. Akavikwa, akapewa kazi ya kufua, akawa mtu wa nyumba ile. Ndipo Emma alipomuuliza kama angependa kufanywa mtoto wao, yaani kuunganishwa nao kwa ibada ya dini iliyokusudiwa kudumu hata baada ya kufa. Na Jane, kwa kutofahamu maana ya jambo alilopewa, akajibu la. Joseph Smith aliuawa Juni 1844, na swali lile likabaki kwa Jane kuwa deni alilolidai maisha yake yote.

Akaolewa na Isaac James, mtu huru mweusi kama yeye, na Septemba 1847 wakawamo katika misafara ya kwanza iliyofika bonde la Salt Lake. Habari alizoziandikisha juu ya miaka ile ni za baridi na njaa, na juu ya yote hayo, zaidi ya kitu chochote, uchungu wa kuwasikia watoto wake wakililia mkate naye hana wa kuwapa. Mambo yalipotengenea baadaye aliyasimulia kwa furaha isiyojificha: farasi, ng'ombe, kondoo na kuku tele, na nguo za watoto zilizofumwa kwa uzi aliousokota mwenyewe.

Hapa ndipo unapohitajika mkono wa pili. Masika ya mwaka 1849 yalikuwa ya dhiki kuu bondeni, maana mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameliwa na wadudu na kupigwa na baridi, watu wakawa wakichimba mizizi ya mwituni wapate kula. Mwezi Aprili mwanamke mmoja aitwaye Eliza Partridge Lyman, ambaye Jane alijuana naye tangu Nauvoo katika nyumba ile ile ya Joseph Smith, aliachwa na mumewe aliyetumwa California kwa kazi ya kanisa, naye hakuwa na unga wala fedha ya kuununua. Eliza aliandika katika daftari yake ya kila siku kwamba Jane James alimpa ratili mbili za unga, nazo zilikuwa kama nusu ya unga wote aliokuwa nao.

Tunamwomba msomaji asimame kidogo hapa. Unga huo hautoshi familia kwa siku nyingi, na mtu aliye na pishi kadhaa ghalani hapungukiwi na kitu akiutoa. Lakini yule aliyeutoa alikuwa na ratili nne hivi, alikuwa na mume na watoto, na sauti ya watoto hao wakililia mkate ndiyo iliyomkaa masikioni hata uzeeni. Naye alipokuja kuandikisha maisha yake yasomwe mbele ya watu, aliitaja njaa na wala hakuutaja unga. Kama Eliza asingaliuandika, tungalikuwa nasi leo na mama mwenye subira ya njaa, na mama aliyeigawa njaa yake na rafiki tungalimkosa. Mtoto humjua mama kwa kile alichokipokea kwake, na mara nyingi hajui kilichotolewa nje ya mlango. Mwenye wema mwenyewe huona haya kuutaja. Basi hubaki rafiki, ambaye alikuwa mhitaji siku ile, na asiponena yeye jambo hilo hufa.

Mkono wa tatu ni wa wale waliomnyima. Tangu mwaka 1852 ilikuwa imetangazwa katika kanisa lile kwamba wanaume weusi wasipewe ukuhani, na katazo hilo likawafungia weusi wote, wanaume kwa wanawake, ibada kuu za hekaluni. Jane alichangia ujenzi wa mahekalu kwa pato la mfuaji nguo, akawa mwanachama mwaminifu wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, akaruhusiwa kubatizwa kwa niaba ya wafu wake. Lakini alipoomba ibada zake mwenyewe alikataliwa. Desemba 1884 alimwandikia John Taylor, rais wa kanisa, akamkumbusha ile ahadi aliyopewa Ibrahimu kwamba katika uzao wake mataifa yote yatabarikiwa, akauliza kwa adabu kama katika mataifa yote hayo hapana baraka iliyo fungu lake. Akaandika tena na tena kwa waliomfuata Taylor, akiikumbusha ile kauli ya Emma. Mei 1894 viongozi wakampa jawabu la ajabu: aliunganishwa na Joseph Smith kwa umilele, lakini kwa daraja ya mtumishi, wala si ya mtoto, naye hakuruhusiwa kuingia hekaluni kuishuhudia ibada iliyomhusu, bali mwanamke mwingine, Bathsheba Smith, alisimama badala yake, na Joseph F. Smith akasimama badala ya Joseph Smith, ami yake marehemu. Jane hakuridhika. Hilo hatulisemi kwa kukisia, maana limeandikwa katika kumbukumbu za baraza la viongozi wenyewe, kwamba hakutosheka na alichopewa na kwamba aliomba tena, bila ya mafanikio.

Joseph F. Smith huyo huyo, akiwa sasa rais wa kanisa, ndiye aliyesema mbele ya jeneza lake mwaka 1908. Jane alikuwa amewazika watoto wake wote ila wawili. Alikuwa amempokea Isaac, mume aliyemwacha muda wa miaka 20, arudi kufia karibu naye, na maziko ya Isaac yakafanywa nyumbani kwa Jane. Na uzeeni Jane na ndugu yake waliwekewa viti vya heshima mbele katika jumba kubwa la ibada. Kiti cha mbele alipewa, na mlango wa hekalu alifungiwa. Mtu akitaka kumwandika Jane kwa insafu hana budi kuyaandika yote mawili, kwa kuwa heshima bila ya katazo ni nusu ya kweli, na katazo bila ya heshima ni nusu nyingine.

Pengine msomaji atasema kwamba matanga si mahakama, na kwamba wafiwa wana haki ya kufarijiwa kabla ya kuhesabiwa madeni. Neno hilo lina uzito, nasi hatumtaki mtu yeyote asimame makaburini kuwasuta walio hai. Lakini kulitaja dai la marehemu si kumlaumu mtu. Jane mwenyewe alidai kwa upole, akijiita katika barua zake dada yao katika injili, na imani yake hakuiacha hata siku ya mwisho. Anayeisifu imani hiyo akaificha barua amemsifu mtu mwingine, aliye mnyenyekevu kuliko Jane na asiye na ushujaa wake. Tena lipo jambo ambalo marehemu alilinyamazia kwa hiari yake, kama jina la baba wa Sylvester, na hilo ni amana isiyofaa kuchokorwa. Na lipo ambalo alilisema wazi kwa miaka mingi wengine wakalinyamazia, na kunyamaza huko hakuwezi kuitwa adabu.

Faida ya kuyahifadhi madai imedhihirika katika habari hizi zenyewe. Katazo liliondolewa Juni 1978, na mwaka uliofuata Jane akafanyiwa ibada za hekaluni kwa niaba, miaka 71 baada ya kufa kwake. Mwaka 2019 mwanahistoria Quincy Newell akatoa kitabu cha maisha yake, chenye barua zile na masimulizi yale. Mwaka huo huo hekalu la Kinshasa likawekwa wakfu, na la Nairobi likafuata mwaka 2025, na humo akina mama wanaosali kwa Kiswahili hupewa bila ya swali la rangi kile ambacho Jane alikiomba na kukatazwa. Ni insafu wajue kwamba mama mmoja aliwatangulia mlangoni, na wasingeweza kuijua habari hiyo kwa sifa za uvumilivu peke yake.

Kwa ajili hiyo, makala zilizochaguliwa kwa toleo hili ni zile ambazo waandishi wake walitafuta zaidi ya kumbukumbu zao: waliouliza majirani, washirika wa upatu, wagonjwa waliouguzwa na wanawake waliouza nao sokoni, na waliokubali kuandika haja za mama zao zilizokataliwa, kama shamba la urithi, idhini ya kusoma, au nafasi ya kusema mbele ya watu. Baadhi ya makala nzuri za maneno tulizirudisha kwa wenyewe kwa kuwa hazikuwa na tendo hata moja lenye shahidi, nao tunawaomba radhi na kuwasihi waandike upya. Kwa wasomaji wetu ombi letu ni fupi: mkiitwa kumsema mama aliyefariki, mtafuteni kwanza rafiki yake aliye hai mkamuulize alipewa nini na lini, kisha ulizeni marehemu alikuwa akidai nini na kwa nani, na majibu hayo mawili yaandikeni kabla ya sifa yoyote. Mashahidi wa namna hiyo hawaandikiwi tanzia na magazeti, nao wanazidi kupungua.

Mhariri