Kikomo si Kinga: Lugha ya Viwango vya Maji Kitale na Bungoma

Maji ni uhai. Hilo halina mjadala. Linalostahili mjadala ni kauli tunayoipokea bila kuihoji, kwamba maji fulani "yamo katika kiwango salama". Kwa mkazi wa Kitale au Bungoma anayeteka kisimani, kauli hiyo ni hakikisho. Kwa mtaalamu wa kemikali zinazosababisha saratani, maana yake ni nyingine kabisa. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo hili ni la kilugha sawa na lilivyo la kisayansi, na kwamba wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana wajibu wa kulishughulikia.

Tuanze na aseniki, sumu ambayo ikiwa majini haina rangi, ladha wala harufu. Husababisha saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu. Mwaka 1963 Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha maikrogramu 50 kwa lita. Mwaka 1993 likakishusha hadi 10. Je, aliyekunywa maji yenye maikrogramu 40 mwaka 1992 alikuwa salama, kisha akawa hatarini mwaka uliofuata? La hasha! Sumu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maarifa na uamuzi wa wanadamu. Hata hiyo 10 iliitwa kikomo cha muda, kwa kuwa kupima na kuondoa kiasi kidogo zaidi ni kazi ngumu. Kikomo, basi, ni mapatano baina ya afya, fedha na uwezo wa maabara. Kenya nayo ilikiingiza kikomo hicho katika Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006.

Sasa tuje nyumbani. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la taifa. Kila msimu mashamba hutiwa mbolea ya DAP wakati wa kupanda na ya CAN wakati wa kukuzia. Naitreti isiyotumiwa na mimea huzama na mvua hadi kwenye maji ya ardhini, au husombwa hadi Mto Nzoia, unaopita Webuye katika Kaunti ya Bungoma kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi kwamba naitreti inayomezwa, katika hali zinazoiwezesha kuzalisha michanganyiko fulani mwilini, yumkini husababisha saratani. Hata hivyo, kikomo cha kimataifa cha miligramu 50 kwa lita kiliwekwa kuwakinga watoto wachanga dhidi ya ugonjwa unaoizuia damu kubeba oksijeni. Hivyo basi, mtu mzima anapoambiwa kwamba naitreti iliyomo majini mwake ni "salama", anajibiwa swali la mtoto mchanga, si lake.

Watakuwepo watakaosema kwamba kipindupindu huua kwa siku chache ilhali saratani huchukua miaka mingi, na kwamba kukifunga kisima ni kumrudisha mama mtoni. Hoja hiyo ina uzito. Bangladesh ilichimba visima vingi tangu miaka ya 1970 ili kuepuka maradhi ya kuhara, kisha mwaka 1993 ikagundua kwamba baadhi yake vina aseniki. Lakini jibu lake halikuwa kunyamaza. Visima vilipimwa, vilivyozidi kikomo cha nchi hiyo, maikrogramu 50, vikapakwa rangi nyekundu na vingine kijani. Kikomo kilikuwa legevu, ila mwanakijiji aliweza kukisoma kwa macho yake. Afadhali kikomo legevu kinachoeleweka kuliko kikali kinacholala kabatini.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, tuache kusema "kiwango salama" tunapozungumzia kemikali za saratani. Tuseme "kikomo kinachoruhusiwa", maana kuruhusu ni tendo la mtu, na mtu huyo aweza kuulizwa. Pili, serikali za kaunti hizi mbili zipime visima vya umma na kubandika matokeo papo hapo kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 inatambua haki ya maji safi na salama katika Ibara ya 43, haki ya kupata habari katika Ibara ya 35, na Kiswahili kuwa lugha rasmi katika Ibara ya 7. Tatu, vyama vyetu viandae istilahi za fani hii kwa kushirikiana na idara za kemia na afya ya umma, badala ya kungoja kamusi.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimo mtungini, na asiyejua jina lake hawezi kuuliza ni kiasi gani.