Agrafezi ni ya karatasi, si ya nyuzi za umeme

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu jioni watoto wakiisha kulala, leo tunasema juu ya chombo kidogo ambacho wengi wanakidharau: agrafezi ya mkono, ile ya kubandika karatasi juu ya ubao. Kamiti ya usalama haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Lakini mimi naona tunainunua vibaya na tunaitumia vibaya zaidi.

Mtu akifika sokoni Birere, anauliza kwanza: ipi ina nguvu sana? Kwa karatasi, nguvu nyingi ni kasoro. Waulize watu wa mchezo wa kulenga shabaha. Wao wanabadilisha karatasi ya shabaha mara nyingi kwa siku moja, kwa hiyo wanatafuta agrafe fupi inayong'oka bila taabu. La sivyo ubao wao unajaa vyuma na kupasuka. Ubao wetu wa matangazo uko vilevile. Tangazo la juma hili linatoka, la juma lijalo linaingia.

Basi angalia namba. Agrafe namba 53 ni ya waya mwembamba, inafaa karatasi na kitambaa. Namba 140 ni ya waya bapa, ina nguvu zaidi, inafaa shitingi na kartoni nene. Miguu ya milimita 6 inatosha kwa karatasi. Milimita 8 kama ubao ni laini. Juu ya mbao ngumu ya mikaratusi, mguu mrefu unajikunja na agrafe inaweza kurukia usoni. Vaa miwani ya kazi, hata kama wenzako wanacheka. Chagua agrafezi ya chuma yenye kifungo cha kuzuia mpini, na ujaribu kuiminya palepale dukani. Ikiwa unahitaji mikono miwili, iache. Ile ya hewa ya kompresa usiifikirie hata kidogo: ni ya seremala, si ya kubandika tangazo.

Katika agrafezi nyingi za zamani unaminya nyuma na agrafe inatokea mbele, hivi kichwa kinajiinua na agrafe inaingia nusu. Kikandamize kwa juu na mkono wa pili. Ikikwama, funga mpini, toa agrafe zote, ndipo uangalie mdomo wake. Na usimwelekezee mwenzako kwa mchezo. Kwenye pembe za karatasi piga agrafe kwa mshazari. Upepo wa ziwa hautaipasua upesi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mwaka fulani niliazima agrafezi ya kazini, nikaipeleka nyumbani, nikafunga uzi wa taa ukutani kwa agrafe namba 140. Kazi ilipendeza. Juma moja lilipita, na la pili. Usiku mmoja bibi yangu akaniamsha: «Baba, kuna kitu kinaungua.» Tulipong'oa kartoni ya ukutani tukakuta ubao umekuwa mweusi pana kama kiganja. Mguu mmoja wa agrafe ulikuwa umetoboa ngozi ya uzi. Chuma kikigusa shaba mbili za ndani, au kikiuponda uzi tu, mahali pale panapata moto kidogo kidogo, na ubao mkavu hausubiri.

Ninyi mnajua Goma yetu. Nyumba za mbao juu ya makoro, ukuta kwa ukuta, na ndani tumebandika kartoni na magazeti kuzuia baridi. Moto ukianza kwangu, jirani hana nafasi ya kutoa godoro. Uzi wa umeme unashikwa na vishikizo vya plastiki vyenye msumari mmoja kando, au unapita ndani ya bomba la plastiki. Bei yake si kubwa kuliko nyumba.

Tena, agrafe zinazoanguka chini zinaingia miguuni mwa watoto. Kidonda kidogo kama hicho kinaweza kuleta pepopunda: osha kwa maji na sabuni, upeleke mtoto dispanseri waangalie kama sindano zake zimetimia.

Na tangazo la mazuku, upande wa Bulengo na Lac Vert, lisiwe la karatasi hata siku moja. Ile hewa nzito inalala mabondeni usiku na asubuhi, haionekani, na inaua mbuzi na watu. Mvua moja ikiangusha karatasi, mtoto anayetafuta kuni hana cha kumwonya. Pale pigeni rangi juu ya bati, mlifunge kwa boliti.

Kwa kamiti zetu naomba hivi: agrafezi moja tu, iandikwe namba kwa rangi nyekundu, ikae kwa shefu wa usalama pamoja na kibanio cha kung'olea na kopo la agrafe zilizotumika. Anayeiazima aandike jina, na aandike pia anakwenda kubandika nini.