Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nchi wa Masuala ya Maveterani: Kitambulisho cha Askari Mstaafu na Bei ya Kikuubo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Maveterani,
Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani,
Mbuya, Kampala.

Mheshimiwa,

Naomba ruhusa ya kuleta mbele yako, hadharani na bila kificho, haja moja ambayo sisi wauzaji wa jumla wa Kikuubo tunakutana nayo kila siku ya biashara, nayo ni haja ya askari aliyestaafu kwa heshima kutambulikana pasipo kusailiwa wala kudhaniwa mwongo, kila anapofika dukani kuomba hisani ndogo ambayo wengi wetu tu radhi kumpa lau tungekuwa na yakini kuwa ndiye. Serikali ikimpa kitambulisho ambacho mtu yeyote anaweza kukithibitisha papo hapo, sisi tutampa nafuu ya bei katika mali yetu wenyewe, na Hazina haitatoa hata senti kwa ajili ya nafuu hiyo.

Kikuubo, kama ujuavyo, ni ujia mwembamba katikati ya mji, jirani na Nakivubo na kituo cha zamani cha teksi, lakini katika wembamba wake hupita sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia yanayokwenda katika wilaya zote za Uganda na kuvuka mipaka hadi Sudani Kusini na Kongo. Katika msongamano huo maveterani hawakosekani. Huyu anayelinda mlango wa ghala usiku kwa bunduki ya kampuni ya ulinzi, aghalabu alikwisha kushika bunduki ya taifa. Na yule anayechukua mzigo begani kutoka lori hadi stoo, huenda alichukua mzigo mzito zaidi katika vita vya msituni vya Luwero. Wako wazee waliorudishwa uraiani kati ya 1992 na 1995, wakati jeshi la taifa, lililoitwa NRA siku hizo, lilipopunguzwa na Bodi ya Kuwasaidia Maveterani ikawapokea askari zaidi ya 36,000. Wako waliomaliza ujana wao kaskazini katika vita na waasi wa LRA. Tena wako ambao hawajaota mvi, maana Uganda ndiyo iliyotangulia kupeleka askari Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, Machi 2007, na wengi wa waliokwenda walikuwa vijana.

Nitaeleza jambo moja lililotokea kaunta kwangu. Alikuja mzee mmoja mtanashati, shati lake limepigwa pasi, akataka kilo tano za sukari, mche wa sabuni na mafuta ya kupikia, kisha akainama kidogo akamwambia kijana wangu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nipe kwa bei ya gunia, nami nilitumikia nchi hii." Akatoa katika mfuko wa kifua karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni, imekunjwa mara nne, na mikunjo yake imelika hata mwanga unapita, na muhuri wake uliokuwa buluu umebaki waa tu. Kijana, ambaye alizaliwa baada ya karatasi ile kuandikwa, aliigeuza huku na huku, akaitazama picha isiyokuwa na sura tena, akasema kwa adabu, "Mzee, siikatai karatasi yako, ila sina namna ya kuijua." Nilimwagiza kijana amtolee bei ya gunia, na mzee akashukuru sana, lakini shukrani ile ilinihuzunisha, kwa sababu alishukuru kama mtu aliyepewa sadaka, ilhali alichokuja kuomba ni kutambuliwa tu.

Wala siwezi kuwalaumu wenzangu wanaokataa karatasi kama ile, kwa kuwa mji huu haukosi matapeli wanaojidai kuwa maafande ili wapewe mali kwa mkopo wasioulipa, na mwenye duka aliyedanganywa mara moja humfungia mlango mkweli pamoja na mwongo. Askari mstaafu naye, kinyume na wanavyodhani baadhi ya watu, hawezi kujitetea kwa kofia wala koti lake la zamani, maana sheria ya UPDF, yaani jeshi la taifa la sasa, ya mwaka 2005 inamkataza raia kukaa na sare na vifaa vya jeshi, na yeye tangu siku aliyostaafu ni raia. Hivyo basi, sheria, kwa hekima yake, imemvua alama aliyokuwa akijulikana kwayo. Insafu inataka sheria hiyo hiyo imvike alama nyingine, iliyo halali, ya kuchukuliwa mfukoni.

Nchi nyingine zimekwisha kukutana na mushkili huu. Marekani ilitunga sheria mwaka 2015 ya kumpa kitambulisho kila mstaafu aliyeachishwa jeshi kwa heshima, na mojawapo ya hoja za sheria hiyo ilikuwa kwamba watu walilazimika kutembea na hati zao za kuachishwa jeshi, zenye siri nyingi za maisha yao, ili tu wapate nafuu ya bei dukani. Na majimbo ya nchi hiyo huandika neno la ustaafu wa kijeshi katika leseni ya udereva ya mwenye kuomba. Uingereza ilianza kutoa kadi ya maveterani mwaka 2019 kwa waliokuwa wakiondoka jeshini wakati huo, na Januari 2024 ikawafungulia mlango wale waliotangulia kuondoka. Jirani zetu wa Kenya walijitungia sheria ya maveterani wa kijeshi mwaka 2022. Sisi, ambao historia yetu imeandikwa kwa vita zaidi ya wengi, hatupaswi kuwa wa mwisho.

Ninaloomba ni jepesi, na njia zake ziko wazi. Kazi ya kubadilisha ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, iliyoanza Mei 2025 chini ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, imeonyesha kwamba serikali inaweza kuwafikia wananchi hadi vijijini kwao. Basi mstaafu anayependa na atiwe alama ndogo katika kadi yake ya taifa, na asiyependa kila mtu amjue apewe kadi ya pekee, ngumu, isiyolika kwa jasho, atakayoitoa anapotaka mwenyewe. Zaidi ya hayo, pawe na namba fupi ya kupiga kwa simu yoyote, hata ile ya vitufe, ambayo muuzaji akiingiza namba ya kadi hujibiwa ndiyo au siyo, basi, pasipo kuambiwa cheo cha mtu, kikosi chake wala mahali alipopigana. Na mjane asisahauliwe, kwa sababu mara nyingi ndiye anayebaki na karatasi ya marehemu na watoto wa marehemu, akienda huku na huko bila ya wa kumsikiliza.

Kwa upande wetu, nataka nieleze ahadi yetu kwa lugha ya biashara ili isije ikadhaniwa kuwa ni maneno matupu. Faida yetu katika gunia la sukari ni ndogo, nasi huishi kwa wingi wa magunia. Muuzaji wa jumla akiahidi kukata robo ya bei, ama anasema uongo ama atafunga duka. Lakini iko hidaya moja ambayo Kikuubo inaweza kuitoa kila siku bila ya kujiumiza, nayo ni kumuuzia mstaafu kitu kimoja kwa bei ya vingi: kilo tano kwa hesabu ya gunia, mche mmoja wa sabuni kwa hesabu ya katoni. Tafauti hiyo kwetu ni kidogo mno, na kwake ni nauli ya kurudi nyumbani. Kadhalika tunaweza kumpisha mbele katika foleni ikiwa ni mlemavu wa vita, na kumwekea mzigo wake stoo bila malipo mpaka gari la kwao lipatikane. Haya nimeyazungumza na wenzangu kadhaa katika ujia wetu, na sikumwona aliyeyakataa, walichouliza wote ni kimoja, nacho ni, "Tutamjuaje?"

Iko khofu moja ambayo ni haki niitaje, kwa kuwa wazee wa biashara wanaikumbuka. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, maduka yao yaligawiwa, na wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliogawiwa. Na katika miaka iliyofuata wafanyabiashara wa Kampala walijua maana ya mtu mwenye bunduki kuingia dukani na kutoka na mali bila ya kulipa. Kwa ajili hiyo kadi hii iandikwe wazi kwamba ni ya kuomba na wala si ya kuamuru, kwamba haimpi mwenyewe mamlaka juu ya raia yeyote, na kwamba atakayeitumia kutisha watu atanyang'anywa. Mstaafu mwema hatachukizwa na sharti hilo, maana ndilo litakalolinda jina lake.

Tena nasihi kwamba kadi isigeuzwe kuwa badala ya haki. Pensheni na kiinua mgongo ni deni, na deni hulipwa kwa fedha. Nafuu ya bei ya sabuni haiwezi kumfidia mtu aliyesubiri malipo yake miaka na miaka. Wala isiwe ya jeshi moja peke yake. Nchi hii imekuwa na majeshi yaliyopokezana majina, na katika kila moja walikuwamo watu waliotumikia kwa uaminifu, hawakuua raia wala hawakupora. Akithibitika mtu wa namna hiyo, hata kama sare yake ilikuwa ya kabla ya NRA kushika dola mwaka 1986, naye astahili jina la mstaafu wa Uganda.

Kila mwaka, Tarehe Sita ya Februari, taifa hukumbuka shambulio la Kabamba la 1981, na husomwa hotuba nzuri za kuwasifu waliojitolea. Naomba, Mheshimiwa, kabla ya Tarehe Sita ijayo Wizara yako ikae pamoja na NIRA na wawakilishi wa wafanyabiashara wa Kampala, ikate shauri juu ya sura ya kadi na namba ya kuithibitishia, na ianze na wilaya chache ili makosa yaonekane mapema. Siku kadi ya kwanza itakapotolewa, milango ya Kikuubo itakuwa wazi kwa mwenye nayo, na bei ya jumla itakuwa imeandikwa kwenye kaunta zetu ili asilazimike kunong'ona anapoiomba.

Nabaki, kwa heshima na utiifu,

Mfanyabiashara wa jumla,
Kikuubo, Kampala.