Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya, Ulizeni Nywila Anayo Nani

Karibu kila ofisi ninayoihudumia kati ya Bagamoyo mjini na Bunju ina barua ya kuomba kompyuta mpya, eti za zamani zimechoka. Ushauri wangu kama fundi: mkuu wa ofisi asiisaini barua hiyo kabla hajajua nywila ya msimamizi wa mtandao anayo nani.

Kompyuta inayochelewa kuwaka mara nyingi haijachoka, imeelemewa. Ukiiwasha tu, zinajiwasha nayo programu chungu nzima, hata ya printa iliyokwishatupwa stoo. Kwenye Windows za sasa unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, unatafuta orodha ya zinazojiwasha, unazima zisizo na kazi. Kompyuta ya nyumbani hapo imepona.

Ya ofisini, kesho yake mhasibu anapiga simu: "Fundi, mbona mambo ni yale yale?" Ni yale yale kwa sababu zipo programu za mashine nzima na zipo za kila mtumiaji, makarani watatu wanaopokezana meza moja wana mipangilio mitatu. Juu yao kuna seva, inayogawa maagizo yake kila mtu anapoingia. Unachozima mezani, seva inakiwasha tena.

Balaa lenyewe ni umeme unapokatika na kurudi. Mashine zote zinawaka kwa mpigo, seva bado inajivuta. Programu ya risiti inatafuta folda ya pamoja, haiioni, inagoma. Foleni dirishani inarefuka na lawama zote unabebeshwa "mtandao". Dawa si siri: seva itangulie kuwashwa, na kwenye seva hiyo pawekwe agizo la kuzitaka kompyuta zingoje mtandao kabla ya kumpokea mtumiaji. Kuliweka agizo hilo kunahitaji nywila. Nywila anayo mkandarasi aliyefunga mfumo, naye yuko Dar, hapokei simu.

Wakandarasi wana hoja yao ya kuificha nywila. Nimewahi kumkuta karani kazima kinga ya virusi akidhani anaipunguzia mashine mzigo. Basi apewe nywila mtu mmoja aliyefundishwa, si ofisi nzima.

Nakubali pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingine kuukuu haziwezi kubeba Windows 11. Hizo zibadilishwe. Ila mjue kompyuta mpya ikiunganishwa na seva ileile, asubuhi ya kwanza inapokea maagizo yaleyale. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sitamani hayo yarudi, lakini siku hizi tunanunua kwanza, maswali baadaye.

Mkataba wa kufunga mtandao useme wazi: nywila ya msimamizi inakabidhiwa kwenye bahasha iliyofungwa, inawekwa kwenye sefu ya ofisi, na kila ikibadilishwa bahasha nayo inabadilishwa. Mkandarasi asiyetaka kuikabidhi, asilipwe awamu ya mwisho.