Vijana, msiuziwe spidi isiyokuwepo

Kuna mafundi wenzangu hapa Dar wanaowatoza vijana hela ya "kuovakloki" mashine ambazo haziongezeki spidi hata ufanyeje. Baadaye mashine hizohizo huletwa mezani kwangu Kariakoo, gemu bado linakwamakwama na mwenyewe kanuna.

Chukua OptiPlex 7010, zile Dell za mtumba zilizokwisha kutumika maofisini. Nyingi zina prosesa ya Intel i5-3470. Kuna ndugu yake, i5-3570K, na hiyo K ya mwisho maana yake kiwanda kimeiacha wazi uipandishe mwenyewe. Hiyo 3470 haina K, na BIOS ya OptiPlex haina hata mahali pa kugusa. Upande wa AMD, karibu Ryzen zote ziko wazi, ila ukiiweka kwenye bodi ya A320 hupandishi kitu, tafuta B450.

Haya, tuseme unayo yenye K. Video nyingi za mafunzo zimerekodiwa na watu waliokaa kwenye chumba cha nyuzijoto 20. Chumba cha Dar mwezi wa pili, bila kiyoyozi, ni 32. Feni haiwezi kuipooza prosesa kuliko hewa inayoivuta, kwa hiyo zile 12 zinahamia kwenye prosesa yako: mwenzako akisoma 75, wewe unasoma 87. Ikikaribia 100 inajipunguza spidi yenyewe isiungue, na hapo gemu linakwama kuliko mwanzo.

Mchawi mwenyewe ni volti. Spidi ikibaki ileile, ukiongeza volti asilimia 10 tu, umeme unaoliwa na prosesa, ambao wote unageuka joto, unapanda kama asilimia 21. Ndiyo maana volti naifunga palepale ilipokuwa. Usiiache kwenye Auto, kwa sababu bodi nyingi huipandisha zenyewe kimyakimya. Kisha naenda kwenye kizidisho. Kwa 3570K ni 34, kinazidishwa na megahezi 100 unapata gigahezi 3.4. Naweka 35 au, kama bodi tayari inaipeleka juu zaidi yenyewe, naanzia hapo ilipofika. Nawasha Prime95 iikamue prosesa nusu saa huku HWiNFO inanionyesha joto, ndipo naongeza moja nyingine. Nyuzi zikivuka 85 au mashine ikiganda, narudi hatua moja, basi. Feni ndogo iliyokuja na boksi la prosesa haifai kwa kazi hii. Pawasaplai ya bei chee iliyoandikwa wati 500 huku ukiinyanyua haina uzito wowote, hiyo usiijaribu kabisa.

Lakini mashine nyingi ninazofungua hazihitaji habari hizi zote. Vumbi limeziba mapezi ya sinki mpaka hewa haipiti. Pesti iliyo juu ya prosesa imekauka, inabanduka kwa ukucha. Ramu ni moja ya GB 8, wakati mbili za GB 4 zingefanya kazi kwa pamoja na kupeleka data haraka zaidi, na asiye na kadi ya picha ndiye angeona tofauti kubwa. Wengine wana ramu ya 3200 inayokimbia 2133 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP kwenye BIOS. Na kama gemu likiendelea kadi ya picha inasoma asilimia 99 huku prosesa ikisoma 50, iache prosesa ya watu. Dunduliza ununue kadi.

Kwa hiyo kijana, kabla hujatoa hela yako, mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako mambo mawili: jina kamili la prosesa, na joto lake gemu likiwa linachezwa. Akianza kuzungusha maneno, beba mashine yako uondoke.