Plastiki imegandamana na msumeno? Usiutie motoni!

Kijana mmoja anayejifunza useremala huko Nyacheki, Kisii, ametuandikia barua yenye majonzi. Fundi wake alimpa vipande vya dari ya plastiki avikate kwa msumeno wa meza. Kufikia kipande cha tatu msumeno ulianza kunguruma, harufu kali ikatanda, na plastiki ikayeyuka ikaganda kwenye meno. Sasa fundi asema msumeno uwekwe juu ya jiko la makaa plastiki iungue, na ukiharibika kijana ataulipia. Auliza: "Je, nimtii?"

La hasha! Meno ya misumeno mingi ya siku hizi hayakuchongwa kwenye bamba lenyewe. Kila jino ni kipande kidogo cha kabidi kilicholehemewa. Joto la makaa laweza kulegeza jino hilo au kulipinda bamba. Jino likichomoka msumeno ukizunguka maelfu ya mara kwa dakika, hakuna ajuaye litatua kwenye jicho la nani. Isitoshe, dari hizo aghalabu ni za PVC, nayo PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka kuwa asidi.

Dawa ni baridi. Kwanza chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, hasa kwetu ambako stima hupotea na kurudi bila kubisha hodi. Vaa glavu nzito, fungua nati, utoe msumeno. Ufunge kwa magazeti na kitambaa kikuukuu, kisha omba nafasi katika friza ya jirani kwa saa mbili tatu. Baridi ya asubuhi ya Gusii, ijapokuwa twaiogopa, haiwezi kazi hii. Plastiki ikipoa sana hukakamaa na kupoteza mnato wake. Chonga kipande cha mbao ngumu kiwe bapa kama patasi, ubandue nacho ungali baridi. Mabaki kati ya meno yasugue kwa brashi ya waya wa shaba. Bisibisi iache sandukuni: kabidi ni ngumu, lakini ikigongwa hupasuka kama kigae.

Je, asetoni, ile inayoondoa rangi ya kucha? Yategemea plastiki. Ile ngumu ing'aayo kama kioo, akriliki, huyeyuka. PVC hulainika tu. Plastiki ya mitungi ya maji haijali kamwe. Ukiitumia, itumie nje, mbali na jiko na sigara, kwani mvuke wake hushika moto upesi.

(Nanyi wa mjini ambao nailoni imegandia kwenye pasi, msiige ya friza. Pasi imeumbwa kustahimili joto. Ipasheni moto kidogo, chomoeni waya, kisha mfute kwa kitambaa kinene cha pamba.)

Ukimaliza, ukaushe msumeno kabisa, maana utatoka na umande, na umande huleta kutu. Ukague jino kwa jino. Palipo na ufa au pengo, usiurudishe mezani. Wala usikate tena plastiki ikiwa ingali imeganda: inaujaza mwanya ambao msumeno hupitia, bamba linabanwa, na kipande hurushwa nyuma kumwelekea mkataji.

Kwa nini iliyeyuka? Nadhani kijana alisukuma polepole kwa woga. Kwenye plastiki, msumeno usiposonga husugua mahali pamoja, na PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Wakati mwingine tumia msumeno mkali wa meno mengi madogo, usukume kwa mwendo usiobadilika. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017, lakini plastiki yenyewe imepanda darini, na maseremala hawana budi kuijua.

Kuhusu malipo, kwa maoni yetu fundi aliyempa mwanafunzi kazi hiyo bila kumwonyesha ana fungu lake katika hasara. Lakini usimwambie hivyo leo. Mwambie kwa adabu: "Fundi, naomba nijaribu njia ya baridi kwanza, jiko litangoja." Mkisharudisha msumeno, uzungushe kwa mkono plagi ikiwa nje, kisha uwasheni bila mbao kwa dakika moja, nyote mkiwa mmesimama kando.